Konveta mbili, kebo moja, mita 180

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nipo Raskazone, Tanga. Tuna kituo kidogo cha satelaiti chenye dishi la C-bendi. Kwenye kibanda cha dishi kuna konveta mbili za kupandisha masafa kutoka 70 MHz hadi 6 GHz, moja ya kazi na moja ya akiba. Ofisi iko mita 180 kutoka kibandani. Nimevuta kebo ya mtandao nikaunganisha poti za RS-232 (za mawasiliano ya siriali, biti moja baada ya nyingine) za konveta zote mbili kwenye nyaya zilezile hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Moja ikiwa peke yake hujibu kwa kubahatisha, asubuhi zaidi kuliko mchana. Zikiwa mbili hazijibu, au zinatoa herufi za ajabu. Nimeshajaribu programu tatu. Kosa liko wapi? Je, naweza kuzitawala hata nikiwa Dar es Salaam? Na nikipandisha kasi hadi biti 19200 kwa sekunde zitajibu vizuri zaidi?

JIBU: Marahaba, fundi. Programu ziache, hazina kosa. Makosa yako yapo kwenye waya, ni matatu, na kila moja lingetosha kukukwamisha.

La kwanza ni urefu. RS-232 hutuma kila biti kama volti inayopimwa dhidi ya waya mmoja wa pamoja, ule wa pini 5 kwenye konekta ya pini 9. Kiwango chake kinaruhusu kapasitansi isiyozidi pikofaradi 2,500. Kebo ya mtandao ina takriban pikofaradi 50 kwa kila mita, kwa hiyo ruhusa yako inaishia kwenye mita 50 hivi. Wewe umefika 180, sawa na pikofaradi 9,000. Volti inapanda polepole, na konveta inaisoma biti kabla haijafika mahali pake. Kujibu kwake mara mojamoja ni ukarimu wa vipuri tu, usiutegemee.

La pili ni athi. Kibanda kina fimbo yake ya athi na ofisi ina yake, nawe umeziunganisha kwa ule waya mwembamba wa pini 5. Viyoyozi vya ofisi vikianza kuvuta umeme mchana, athi hizo mbili haziko tena kwenye volti moja, na tofauti yake inajichanganya na ishara. Mpokeaji wa RS-232 anataka zaidi ya +3 au chini ya −3. Ukimwongezea volti mbili tatu za umeme wa AC, haelewi tena anachoambiwa. Hii ndiyo sababu asubuhi panakuwa na nafuu. Hakikisha mwenyewe: chomoa kebo upande wa ofisi, weka multimita kwenye AC, pima kati ya pini 5 inayotoka kibandani na bodi ya chuma ya kompyuta. Pima saa moja asubuhi, halafu saa nane mchana viyoyozi vyote vikiwa vimewashwa. Mita ikionyesha makumi ya volti, usiiguse kebo hiyo tena mpaka fundi umeme akague athi ya kibanda.

La tatu ni kuweka konveta mbili kwenye RS-232 moja. RS-232 ni ya watu wawili tu. Mtumaji wake hanyamazi kwa kuachia waya. Hata akiwa hana la kusema anaushikilia kwenye volti hasi, tuseme −9. Konveta ya kwanza ikitaka kujibu lazima iupandishe waya hadi chanya, huku ya pili inauvuta chini. Kinachofika ofisini ni matokeo ya mieleka hiyo, ndizo herufi zako za ajabu. Hakuna programu ya kuamua ugomvi huo.

Sasa dawa. Usijaribu kuirefusha RS-232 kwa vikuza ishara. Ndani ya kibanda tumia RS-485, inayotuma biti kwa tofauti ya volti kati ya nyaya mbili na kukubali vifaa vingi kwenye laini moja, na kati ya kibanda na ofisi pitisha faiba, kebo ya mwanga. Konveta nyingi za kufungwa kwenye raki zina uchaguzi wa RS-232 au RS-485 kwenye menyu ya mbele au kwa jampa ya ndani. Tazama kwenye kitabu chake, na uangalie pia kama ni ya nyaya mbili au nne.

RS-485 ya shaba kwa mita 180 ingewezekana kabisa, maana kwa kasi ndogo hufika mita 1,200. Lakini kebo ya shaba inayounganisha majengo mawili karibu na dishi, pwani, wakati wa masika, ni kuikaribisha radi ndani. Kebo ya mtandao ya shaba nayo ina ukomo wa mita 100. Faiba haipitishi umeme, haijali athi wala radi, na kwa mita 200 gharama yake haifiki bei ya kadi moja ya konveta iliyoungua. Hakikisha tu kuwa kebo ya faiba haina waya wa chuma ndani wa kuibeba, la sivyo umerudi palepale.

Utahitaji: kompyuta ndogo isiyo na feni ya kukaa kibandani, adapta moja ya USB kwenda RS-485 iliyotengwa kiumeme kwa volti 2,500 au zaidi, vigeuzi viwili vya faiba kwenda mtandao, kimoja kila upande, kebo yenye jozi zilizosokotwa na ngao, mita 3 au 4 zinatosha ndani ya raki, rezista mbili za omu 560, za omu 100 kwa ajili ya waya wa marejeo, na mbili za omu 120 ambazo huenda usizitumie. Kipo pia kifaa cha kugeuza siriali kuwa mtandao moja kwa moja, na watu wengi wangekushauri hicho. Mimi napendelea kompyuta ndogo ikae kulekule kibandani, na sababu utaiona tukifika kwenye habari ya Dar es Salaam.

Kwenye nyaya za RS-485, ugomvi wa kwanza utakuwa majina A na B. Kiwango kinasema A ni upande hasi na B ni chanya, lakini watengenezaji wengi wa vipuri waliandika kinyume, na watengenezaji wa konveta wakawafuata. Usiamini herufi. Washa kifaa kimoja kikiwa hakina waya wowote wa mawasiliano, pima kwa DC kati ya pini zake mbili: kama kina rezista za ndani za kuvuta, kikiwa kimya pini yenye volti ya juu ndiyo chanya. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, basi. Ukikosea hakiungui kitu, ila kila biti inasomwa kinyume na utapata kimya au takataka. Waya wa tatu, wa marejeo (sifuri ya pamoja ya volti), usiuache: upitishie rezista ya omu 100 kila upande, kwa sababu mpokeaji wa RS-485 anavumilia volti za nyaya zake kati ya −7 na +12 tu dhidi ya athi yake.

Rezista za omu 120 za mwisho wa laini zimekuwa kama chumvi kwenye chakula, kila mtu anazitia bila kuonja. Kazi yake ni kuzuia mwangwi wa ishara. Kwa kasi ya 9600 biti moja inadumu mikrosekunde 104. Hata laini ingekuwa na mita 180 nzima, ishara inafika mwisho kwa mikrosekunde moja hivi. Mwangwi unakufa mapema sana kabla konveta haijasoma biti. Kwa mita 4 ndani ya raki hazina faida, tena zina hasara: zinapunguza volti ya laini ikiwa kimya. Mpokeaji anataka angalau milivolti 200 kati ya nyaya mbili ili awe na uhakika. Laini ikiachwa bila anayeongea na bila cha kuivuta, inaelea kwenye sifuri na kelele kidogo tu inaonekana kama herufi. Hapo ndipo omu 560 mbili zinapoingia, moja kutoka volti 5 kwenda waya chanya, nyingine kutoka waya hasi kwenda marejeo. Ukiwa na omu 120 pande zote mbili, sambamba zinakuwa 60, na kimya chako kinapata 5 × 60 ÷ 1,180, yaani milivolti 254. Inatosha kwa tabu. Bila hizo 120 utapata volti nyingi zaidi. Pima ukiwa umenyamazisha kila kitu. Chini ya 200 usiendelee.

Kabla ya kuunganisha zote mbili, zipe anwani tofauti kutoka kwenye paneli za mbele, mfano 01 na 02. Kiwandani mara nyingi zinatoka na anwani ileile, na zikijibu kwa pamoja utarudi kwenye mieleka. Kama una kidhibiti cha kubadilisha kati ya konveta ya kazi na ya akiba, fuatilia kebo yake ya nyuma: baadhi ya vidhibiti hutumia poti hiyohiyo ya siriali kuzihoji konveta. RS-485 inataka muulizaji mmoja tu. Ikiwa kidhibiti kipo kwenye laini, wewe zungumza na kidhibiti, nacho kizungumze na konveta.

Sasa mazungumzo yenyewe. Anza ukiwa kibandani na konveta moja, amplifaya kubwa imezimwa, na towe la konveta, pale ishara inapotokea, limefungwa kwa rezista ya omu 50 ya konekta. Jaribio la mawasiliano lisifike angani. Iache konveta kwenye hali ya rimoti. Ikiwa kwenye hali ya kutawaliwa mbele, nyingi hujibu maswali vizuri lakini hukataa amri, na fundi anahangaika na waya usio na kosa.

Kasi 9600 na biti 8 bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa) ndiyo ya kawaida, lakini zipo za biti 7 zenye pariti shufwa. Zote mbili zina jumla ya biti 10 kwa herufi, kwa hiyo ukikosea unaweza kukuta kimya, au majibu yaliyoliwa nusu. Ukipokea tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 safi, huku 1, 2, 4, 7 na 8 zikigeuka alama za ajabu, usiguse waya: konveta inatuma biti 7 na pariti shufwa, nawe unasoma biti 8. Tarakimu hizo tano zilizoharibika ndizo zenye idadi witiri ya biti za moja.

Kosa lingine ni herufi ya hakiki, inayokokotolewa kutoka kwenye ujumbe ili mpokeaji ajue haukuharibika. Konveta nyingi hupanga ujumbe hivi: herufi ya kuanza, anwani, amri, thamani, herufi ya kumaliza, kisha hakiki. Tuseme yako inatumia 02 kuanza, 03 kumaliza, na hakiki ya XOR (kulinganisha herufi biti kwa biti, matokeo yakiandikwa kwa heksadesimali), nawe unatuma swali la herufi nne, 05F?. XOR ya herufi hizo peke yake ni 7C. Ukijumuisha ya kuanza inakuwa 7E. Ukijumuisha ya kumaliza, 7F. Ukijumuisha zote mbili, 7D. Vitabu vya mashine vinaeleza jambo hili kwa sentensi moja yenye utata, na konveta ikipokea hakiki isiyo sahihi mara nyingi haisemi chochote. Andika zote nne, zijaribu moja baada ya nyingine, dakika tano umemaliza.

Swali la herufi 10 na jibu la herufi 20 vinachukua milisekunde 31 kwa 9600, pamoja na muda wa konveta kufikiri. Subiri hadi milisekunde 500 kabla ya kusema imeshindwa, rudia mara mbili, halafu ndipo upige alamu. Kwa nyaya mbili adapta yako lazima iachie laini mara tu biti ya mwisho ikitoka. Nunua inayofanya hivyo yenyewe, usiiachie programu. Ukiona jibu linakosa herufi moja au mbili za mwanzo, adapta imechelewa kuachia. Ukiona swali lako mwenyewe linarudi kabla ya jibu, huo ni mwangwi wa adapta, uutupe kwenye programu.

Thamani ya masafa nayo ina mitego. Konveta moja inataka 6130.0000 kwa megahezi, nyingine inataka 6130000 kwa kilohezi bila nukta. Yenye hatua za kilohezi 125 itapokea 6130.125 lakini 6130.100 itaikataa, au itaizungusha bila kukuambia, na hiyo ya pili ndiyo mbaya. Kumbuka pia kwamba masafa ya konveta hayawi lazima masafa ya keria yako, yaani wimbi unalorusha. Konveta ikiwa 6,130 na modemu ikiwa 72.5 badala ya 70, keria inatoka 6,132.5. Kwenye satelaiti nyingi za C-bendi tofauti ya kupanda na kushuka ni megahezi 2,225, kwa hiyo utaitafuta kwenye 3,907.5. Angalia hapo kwenye kipima spektra, usiangalie tu namba iliyo kwenye skrini.

Kwa sababu hiyo, amri ya kubadilisha masafa isiwe amri moja. Ziba keria, isitoke. Uliza: imezibwa? Subiri jibu la ndiyo. Tuma masafa mapya. Subiri sekunde mbili ili sintesaiza, saketi inayotengeneza masafa, ijifunge na kutulia. Uliza masafa, linganisha na ulichotuma, tarakimu kwa tarakimu. Uliza alamu ya sintesaiza kutojifunga. Weka upunguzaji wa nguvu ya ishara kwa desibeli, uulize tena. Ndipo ufungue keria. Hatua yoyote ikikosa jibu, programu isimame hapohapo keria ikiwa imezibwa. Anayebadilisha masafa keria ikiwa wazi anapita na wimbi lake juu ya watu wengine kwenye transponda (kipokezi-kirushi cha satelaiti), na simu kutoka kwa wenye satelaiti haichelewi.

Na usiandike bila haja. Baadhi ya konveta huhifadhi kila thamani mpya kwenye kumbukumbu ya kudumu, na kumbukumbu za aina hiyo mara nyingi huhesabiwa kuandikwa mara 100,000. Programu inayotuma upunguzaji uleule kila sekunde inafika hapo kwa saa 28. Uliza kila sekunde ukitaka, andika pale tu thamani inapobadilika.

Dar es Salaam sasa. Inawezekana, kwa masharti. Itifaki za siriali za konveta hazina nywila. Anayefika kwenye poti ndiye mwenye konveta. Kwa hiyo poti ile isiwe wazi kwenye intaneti hata kwa saa moja ya majaribio. Ingia kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti) hadi kwenye kompyuta ndogo ya kibandani, na ndiyo peke yake iruhusiwe kuzungumza na konveta.

Sharti la pili ni njia ya kuingilia. Kama intaneti ya kituo inapita kwenye keria ileile unayotaka kuiziba, umekata tawi ulilokalia: ukituma amri ya kuziba, amri ya kufungua haitafika tena, na kutoka Dar hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Tumia modemu ya simu au faiba ya nchi kavu kwa ajili ya utawala tu. Hata hivyo njia hiyo nayo itakatika siku moja katikati ya kazi, na hapo ndipo kompyuta ya kibandani inapolipa gharama yake. Usitume amri hatua kwa hatua kutoka Dar. Ipe kompyuta mpango mzima, nayo iutekeleze kibandani. Kabla ya kuanza isome hali ya sasa na kuihifadhi. Ikimaliza isubiri uthibitisho wako kwa dakika 3, na isipoupata irudishe masafa na upunguzaji wa zamani kwa utaratibu uleule wa kuziba na kuuliza. Kifaa cha kugeuza siriali kuwa mtandao hakiwezi kufanya haya. Kinapitisha baiti tu.

Kwenye Linux usiite adapta kwa jina la /dev/ttyUSB0. Ukiwa na adapta mbili, baada ya umeme kukatika na kurudi majina yanaweza kubadilishana. Tumia jina refu lililo chini ya /dev/serial/by-id, lisilobadilika.

Umeme ukirudi, konveta nayo iamke ikiwa imezibwa. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu. Kristali ya ndani ya megahezi 10 hukaa kwenye kijitanuri, na ikiwa baridi masafa yake hayajatulia. Ipe nusu saa kabla ya kufungua. Miguso ya rilei ya alamu iliyo nyuma ya konveta iunganishe pia kwenye kompyuta, kwa sababu konveta iliyokufa kabisa haiwezi kukuambia kwa siriali kuwa imekufa.

Kwa hapo Raskazone, upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya raki. Konekta za pini 9 za bei rahisi zinaota kutu ya kijani, na dalili yake ni mawasiliano yanayokatika ukigusa kebo. Nunua zenye pini zilizopakwa dhahabu, kaza skrubu zote mbili, na tundu la kebo la kibanda lizibwe.

Kuhusu 19200: hapana. Ungeokoa milisekunde 15 kwa kila swali, muda ambao hakuna binadamu anayeuona, huku laini ikipoteza nusu ya uvumilivu wake. Kaa 9600, na kama konveta zako zinakubali 4800 na kibanda kina kelele nyingi za umeme, shuka huko bila aibu.